Milango Tisa ya Kettlebeck

Mpendwa Shosho,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyojua maneno yake matatu tu, na moja kati ya hayo matatu ni tusi nililokufundisha mwenyewe kwa utundu, ukamtupia fundi wa kiyoyozi ukidhani unamkaribisha chai. Huko uliko nadhani hakuna haja ya mkalimani. Naandika kwa sababu nataka unisamehe kwa ajili ya yale mapazia, na kwa sababu tangu uondoke ulikuwa ukinibishia mlango kila mchana.

Nilijua ni wewe kwa namna ya kubisha. Mara mbili, kimya, halafu mara moja. Hakuna mwingine Dubai nzima anayebisha hivyo. Nikiwa kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka, saa sita na nusu hivi: ko ko, kimya, ko. Nikiwa nimejilaza chumbani siku ya mapumziko, vilevile. Wenzangu hawakusikia kitu. Mwanzoni nilijifanya kiziwi, lakini tabia hiyo uliijua tangu zamani. Ulikuwa ukiniambia, "Binti, masikio yako mazima, ni moyo ndio unaotegea."

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa unasahau, na sijui kama kufa kunarudisha kumbukumbu.

Nilipofika kwa mwanao, nyumba ilinitisha kwa vioo. Madirisha yalianzia sakafuni yakaishia darini, na nyuma ya kila kioo kulikuwa na jua limesimama kama mdai. Sir alinionyesha kazi kwa dakika kumi. Dawa zako, uji wako wa oti, fimbo yako yenye kichwa cha pembe ya kondoo. Mwisho akaniambia, "Ikifika saa tano unafunga mapazia yote. Jua linaharibu viti." Yalikuwa mapazia mazito, yameshonwa mtaani Al Quoz kwa kipimo, yenye pete za chuma zilizolia kwenye reli kutoka mwanzo hadi mwisho: shraaa.

Siku ya kwanza nilipoyavuta ulikuwa umesinzia. Ukafumbua macho, ukatazama lile giza la mchana, ukaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu:

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Granny. Ni jua tu."

"Jua?" Ukanitazama kama niliyekutukana kweli. "Nani analifungia jua dirisha?"

Ukainuka. Ukachukua fimbo, ukaingia koridoni, ukaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine. Bafuni. Stoo. Ofisi ya sir. Mara mbili, kimya, mara moja, na kila mlango ukiuambia maneno nisiyoyaelewa kwa Kiingereza chako cha kwenu, kile cha kumeza nusu ya neno. Nilikushika mkono nikakurudisha kitini. Kesho yake tena, na keshokutwa. Wiki tatu nzima nilikuletea msiba kila saa tano bila kujua, halafu nilikukemea kwa kuomboleza. Jioni nilimwambia dada yangu kwenye simu, "Huyu nyanya ameishiwa, anabishia hodi mashuka ya stoo."

Sikuwa nimekuzoea bado. Wao walikuita Granny, ulimi wangu ukakataa. Kwetu Nyandarua mtu wa umri wako ni shosho, awe mweusi, mweupe au wa kijani. Nilipokuita hivyo mara ya kwanza uliniuliza maana yake, nikakuambia, ukasema kwamba wajukuu wako wa damu walikuwa wakikupungia mkono kwenye simu kama watu walio melini. Tangu siku hiyo hukuitikia Granny tena, na madam, mke wa sir, akaninunia wiki nzima.

Siku uliyonieleza ya mapazia ilikuwa siku yako njema. Ulikuwa na siku njema, uliponiita Muthoni, na siku mbaya, uliponiita Peggy, ambaye alikuwa binti wa muoka mikate wa kijijini kwenu. Siku hiyo nilikuwa Muthoni. Tulikuwa tunakunywa chai, maziwa mengi kama ya kwetu, ukaniuliza kwa nini nyumba hii ina misiba mingi hivi na haipikwi chakula cha wafiwa.

Ukaniambia habari za Kettlebeck. Kijiji cha mtaa mmoja unaopanda kilima, nyumba za mawe zimegusana mabega, mto chini na kiwanda cha sufu kando yake. Filimbi ya kiwanda ndiyo iliyokuwa saa ya kila mtu, hata ya wagonjwa. Kwenye nguzo ya daraja kulikuwa na alama iliyochongwa kuonyesha mafuriko ya enzi za babu zenu yalifika wapi, na kila mtoto alipimwa urefu wake kwa alama ile. Aliyeipita alihesabiwa mtu mzima. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, kamba zikavuka mtaa kutoka nyumba hii hadi ile, na ole wake mwenye mkokoteni wa makaa aliyethubutu kupita chini ya shuka za wake za watu. Jumapili kila nyumba ilipeleka nyama yake ikaokwe kwenye tanuri la baba yake Peggy, maana majiko yenu yalikuwa madogo, na kila sinia lilikuwa na alama yake ya unga. Ulicheka hadi machozi ukinisimulia Jumapili mchungaji alipobeba sinia la mlevi, na mlevi akala nyama ya mchungaji akasema kumbe dini inalipa.

Nilikielewa kijiji chako, Shosho. Watu hudhani Mkenya ni mtoto wa jua. Mimi nimezaliwa kwenye ukungu na kondoo, mahali ambapo baridi kali huunguza viazi shambani asubuhi ukadhani umepita moto. Ulipoeleza harufu ya sufu iliyolowa nilikaribia kulia. Mtu wa kwanza Dubai kuzungumza habari za kwetu alikuwa bibi wa Kizungu.

Kisha ukaniambia kazi ya mama yako. Yeye ndiye aliyewapokea watoto wa mtaa wakizaliwa na ndiye aliyewaosha watu wakifa. Alikuwa na droo moja isiyofunguliwa ovyo, ndani mna shuka jeupe lililopigwa pasi na sarafu mbili za kuwekea macho ya maiti. Akiitwa, wewe ulitumwa mtaani. Ulikuwa na miaka minane. Ulibisha kila nyumba, mara mbili, kimya, mara moja, ili wajue si mgeni wala si muuza mayai, ukasema jina la marehemu na neno moja: "Fungeni mapazia." Na mtaa mzima ulifunga. Dirisha lililofungwa mchana kwenu lilikuwa na maana moja tu. Ulipofika juu kilimani ukageuka kutazama, nyumba zote zilikuwa zimefumba macho.

Nyumba ya mwisho ilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamehamia Kanada siku nyingi. Ulimuuliza mama yako kwa nini upande kilima chote kile kubishia popo. Akakujibu, "Walioondoka nao wana haki ya kuambiwa." Basi ukabisha, ukaiambia ile nyumba tupu, ukasubiri kidogo kwa heshima, ukashuka.

Sisi tuna methali inayosema asiyekuwepo na lake halipo. Nilikutajia. Ukatikisa kichwa, ukasema hiyo methali imetungwa na waliobaki.

Nilimwendea sir nikamweleza. Alishangaa, hakuwahi kuambiwa. Mwanao, Shosho, wa kuzaa, naye hakujua mama yake alikuwa akikimbia mtaani na majina ya wafu. Akasema basi, viti na viharibike. Kuanzia hapo sikufunga tena mapazia mchana, na wewe ukatulia. Miezi mingi ilipita hivyo. Ungekuwa hai hata leo pengine, ukiota jua na kulisifu kama mgeni aliyekubali kulala.

Sasa inakuja sehemu yangu.

Kaka yangu alinipigia siku ya Alhamisi. Nilikuwa jikoni natwanga viazi vyako. Akaanza kwa kuuliza hali ya hewa, na mwanaume wa kwetu akiuliza hali ya hewa ujue kuna jambo. "Mathe alitulia Jumamosi," akasema. "Tumemzika juzi. Tuliona tusikusumbue, ungeacha kazi bure na ungefika tumemaliza." Kumbe mama alikuwa ameugua miezi mitatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyefichwa maradhi haya nilikuwa mimi peke yangu. Mtaa mzima ulijua. Walijua mpaka wauza viazi wa barabarani.

Sikulia. Nilizima jiko, nikaja sebuleni, nikashika lile pazia la kwanza nikalivuta. Nikalivuta la pili. Sikuwa nafukuza jua, Shosho. Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya, maana nilifundishwa na wewe.

"Nani amekufa?" ukauliza.

Nikasema, "Mama yangu."

Ulinyoosha mikono yote miwili. Ile mikono iliyokuwa ikimwaga uji haikutetemeka. Ukanikalisha, ukanifuta uso kwa kona ya shali yako, ukaniuliza mama aliitwaje, ukalirudia jina mpaka likakaa sawa. Kisha ukasimama, ukanishika mkono kama ulivyokuwa ukimshika mama yako, nadhani, tukaingia koridoni. Milango ilikuwa tisa. Ulibisha wote. "Wairimu amekufa. Fungeni mapazia." Bafuni kwa muoka mikate. Stoo kwa muuza nyama. Ofisini kwa mtunza kanisa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka hata mto Tana, alitangazwa mtaa mzima wa Kettlebeck, na sauti yako haikulegea.

Mlango wa tisa ulikuwa chumba changu, kile kidogo kilichoko nyuma ya mashine ya kufulia. Hapo ulibisha kwa nguvu zaidi. "Wa hapa hayupo," ukaninong'oneza, "lakini ataambiwa." Ukausemesha mlango wangu jina la mama yangu, ukasubiri kwa heshima, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yako ndipo nikaangua kilio. Siku zile zote nilikuwa mwenye nyumba ile tupu, na hakuna aliyekuwa amepanda kilima kunibishia isipokuwa wewe.

Kama ningeishia hapo, leo ningekuandikia barua ya shukrani.

Kesho yake ulikuwa umesahau. Uliniita Peggy, ukadai mkate. Ilipofika saa tano nilisimama mbele ya dirisha nikitazama zile pete. Nikajiambia hapana. Nikajiambia leo tu. Nikavuta.

"Nani amekufa?"

"Mama yangu."

Ukanyoosha mikono. Yote ikaanza upya: shali, jina, fimbo, milango tisa. Kwako kila siku mama yangu alikuwa amekufa asubuhi ile ile, na ulinililia machozi mapya, si mabaki. Kwetu nyumbani matanga yalikuwa yamekwisha, watu wamerudi mashambani, hata kaka yangu alikuwa ameanza kunitumia vichekesho kwenye simu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa bado msibani. Nilikuja kwako kila mchana kama mlevi anavyorudi kwa mama pima. Nilikunywa huzuni yako, Shosho. Siku kumi na nane.

Niliona ukikonda. Niliona ukichelewa kuinuka kitini. Mtu anayelipwa kukutunza anaona mambo hayo kabla ya daktari. Siku ya kumi na nane, mlango wa saba, uliegemea ukuta, jasho limekutoka juu ya mdomo, ukasema, "Peggy, mtaa umerefuka leo."

Nikakuambia, "Bado milango miwili, Shosho."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikusema tukae. Sikusema tutamalizia kesho. Nilikutaka ufike mlango wangu, nisikie mama yangu akitajwa pale, basi. Na wewe ulivuta pumzi ukaenda, kwa sababu mtoto aliyetumwa na mama yake hageuki njiani.

Baada ya hapo hukuinuka tena. Siku ya nne, asubuhi, ukaondoka. Daktari alisema moyo na umri. Sir alinishika bega akasema, "You were good to her," na mimi nikaitikia, "Asante sir," kama mwizi anayesifiwa kwa kulinda duka. Kisha akapita nyumba nzima akifungua madirisha. "Let's have some light," akasema. "She loved the light." Na ni kweli, mwanga uliupenda. Lakini nilijua mlichofanya kwenu mtu akifa; sir niliyemweleza mara moja tu alikuwa amesahau, nikabaki mimi pekee niliyekumbuka, na sikufungua mdomo. Niliogopa nikimkumbusha, nitaropoka yote. Wageni walikuja na maua, wakala keki mwanga umewajaa usoni, na walipokuja kukuchukua nyumba ilikuwa macho wazi kila dirisha. Hakuna mlango hata mmoja uliobishwa.

Siku tatu baadaye kazi ikawa khalas, imekwisha. Sir alinipa fimbo yako, akanitafutia kampuni inayofua mashuka ya hoteli huku Dubai Investments Park. Tunaishi hapo hapo, ghorofa ya pili, korido moja yenye milango ishirini na minne. Siku ya kwanza niliiona ile korido nikataka kurudi kwenye basi.

Ukaanza kubisha wiki hiyo hiyo.

Nilivumilia mpaka nikashindwa kula. Nikamwambia Bi Mwanakheri, tunayelala naye kitanda cha chini na cha juu, Mzanzibari wa makamo ambaye hana haraka na jambo lolote duniani. Nilimwambia yote, mpaka mlango wa saba. Nilitegemea anitoe chumbani. Alikuwa anakunja kanga, akaendelea kuikunja.

"Ulikosa," akasema. "Tena ulikosa sana. Lakini hebu n'ambie. Mamaako, bibi huyo kamtangazia siku kumi na nane. Yeye nani kamtangazia?"

Nikaitazama fimbo yako kando ya kitanda.

"Ndo anachokijia huyo. Haijii roho yako weye. Roho yako aifanyie nini?"

Siku ya mapumziko, saa sita na nusu, kabla hujabisha wewe nikachukua fimbo nikatoka mimi. Mlango wa kwanza ni wa wasichana wa Nakuru. Mara mbili, kimya, mara moja.

"Ai, Muthoni, ni nini na hizo style zako?"

"Nora wa Kettlebeck amekufa. Fungeni mapazia."

"Nani? Kwani uko na relative mzungu?"

"Niko na shosho mzungu."

Walitazamana, wakaangalia fimbo, wakaangalia uso wangu. "Woiye. Pole, msichana," mmoja akasema, na nikasikia pazia likivutwa. Mapazia yetu ni mashuka ya hoteli yaliyochakaa, meupe yote, kama lile la kwenye droo ya mama yako. Waganda wakasema, "Kitalo, bambi," wakafunga. Wafilipino hawakuuliza chochote, mmoja alipiga ishara ya msalaba akafunga. Chumba kingine mtu alikuwa usingizini akanifokea, "Yalla, toka hapo!" nikabisha tena mpaka akafunga. Bi Mwanakheri alinifuata nyuma akisoma dua zake kwa sauti ya chini. Jina lako nililitaja mara ishirini na tatu, hata mlangoni kwetu, na halikulegea.

Chumba cha mwisho hakikai mtu. Wameweka magodoro mabovu, na dirishani hakuna reli wala shuka, unaona kioo kitupu ukiwa uani. Bi Mwanakheri akaniambia yatosha, hicho ni stoo. Nikamwambia walioondoka nao wana haki ya kuambiwa.

Nikabisha. Nikasema jina lako. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimefika, nikasema na yale mengine, kwamba nilikuona umechoka nikakusukuma, na kwamba naomba unisamehe. Nikasubiri kwa heshima.

Ndani, Shosho, pete za chuma zikatembea kwenye reli. Polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho: shraaa. Bi Mwanakheri alinyamaza katikati ya dua. Hatukufungua mlango. Tulirudi chumbani tukachemsha chai, maziwa mengi, tukaweka kikombe cha tatu.

Tangu siku hiyo hujabisha. Nimepata usingizi, nakula vizuri, na ikifika saa sita na nusu naacha mashine nasikiliza, na hakuna kitu, na nakukumbuka mpaka kifua kinauma.

Basi kaa, Shosho. Usisimame tena kwa ajili yangu. Milango imeisha.

Ni mimi, mjukuu wako wa mlango wa tisa,

Muthoni